Maneno Yaliyoanikwa Juani

Hii nimeletewa na dada yangu, nami nakuletea kama nilivyoipata. Kama kuna mwalimu aliyewahi kukuvumilia, mpelekee naye.

Maalim Shaame alifundisha Kiingereza darasa la sita, katika shule ndogo kisiwani Pemba. Somo hilo lilikuwa na mwalimu mmoja tu, naye ndiye huyo. Siku moja ikaja barua kwamba baada ya wiki tatu mkaguzi atafika kuwapima wanafunzi. Wakishindwa, Maalim atahamishwa, na watoto watakuwa wakifuata Kiingereza shule ya mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Mada ya mtihani ilitajwa kabisa: vitenzi vya Kiingereza vya kuenea. Kutandaza, kutawanya, kuvuta kitu kikanyooka, kupanuka, na vingine vya ukoo huo.

Maalim aliingiwa na hofu, na hofu ikampa akili mbovu. Akachagua wanafunzi watatu wenye vichwa vyepesi, akawa anawafundisha kila alasiri barazani kwake ili wao ndio wajibu siku ya siku. Wale thelathini na wanane waliobaki aliwaachia kazi ya kunakili ubaoni. Mmoja wao alikuwa Mize, msichana wa dawati la mwisho, ambaye tangu mwaka uanze sauti yake ilisikika wakati wa kuitika jina tu.

Basi ulikuwa msimu wa karafuu. Mama yake Maalim, Bi Asaa, alikwenda Wete kumtazama binti yake aliyejifungua, akamwachia mwanawe kazi moja: zile karafuu mbichi zilizochumwa azitandaze mkekani zipate jua. Maalim akasema ndiyo, mama. Kisha akarudi kwa watatu wake, na karafuu zikakaa rundo siku mbili, zimefunikwa gunia.

Bi Asaa aliporudi alitia mkono ndani ya rundo lile, akautoa upesi. Zilikuwa na moto, na harufu imeshageuka.

"Umesoma mpaka chuo," akamwambia, "na kutandaza karafuu kumekushinda?"

"Mama, nilikuwa nawafundisha watoto kutandaza kwa Kiingereza."

Bi Asaa alimtazama, akacheka mpaka akakaa chini. Hakumpa nasaha yoyote. Alimwambia tu azitoe zote juani, hata zile nzuri, maana zilizorundikwa huharibika pamoja.

Maalim alizitoa, lakini kichwani alikuwa akiona darasa lake. Aliona aibu, na mimi nampenda kwa aibu ile, kwa sababu wengi wetu tungetafuta wa kumlaumu.

Kesho yake alilivunja kundi la wale watatu. Akampa kila mtoto neno moja la kwenda nalo nyumbani, na sharti lake: kabla jua halijazama, uwe umemfundisha mtu mwingine, kwa kazi ya mikono, si kwa daftari. Kila asubuhi mtoto akaeleza nani kafundishwa, kisha akapewa neno jingine. Mize naye alipewa. Maalim hakutarajia kitu kutoka kwake, lakini alimpa, na kila asubuhi alipojibu kwa kunong'ona, "Bibi mmoja," hakumuuliza ni nani.

Siku ikafika. Mkaguzi, Bi Nasra, aliingia darasani na viatu vyake vya kung'aa, akasema mwanafunzi wa kujibu atamchagua mwenyewe. Macho yake yakaenda moja kwa moja dawati la mwisho.

Mize akasimama. Kabla hajafungua mdomo, ngurumo ikapita juu ya paa.

Sasa, asiyejua Pemba wakati wa karafuu atadhani watoto hawa hawana adabu. Wingu likijikusanya, hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu hukimbia kuanua karafuu zilizo juani. Darasa zima likatoka mlangoni kwa mkupuo. Maalim alibaki na chaki, akamtazama mkaguzi, akatazama wingu.

"Niwie radhi, bibi," akasema. "Nami ninazo za mama."

Akatoka mbio.

Bi Nasra alikusanya mkoba wake na fomu zake tupu, akamfuata, tayari ameshaamua atakachoandika. Alipofika uani kwa Bi Asaa alisimama. Watu wanazoa karafuu na kuzifunika kwa turubai. Bi Asaa, mwenye miaka sabini na zaidi, ameshika ncha moja ya turubai, na Mize ameshika ya pili.

"Stretch!" akaamrisha Bi Asaa, na Mize akavuta mpaka turubai likanyooka.

Uani kwa jirani, mwanamme mmoja alikuwa akimkemea mkewe asi-scatter karafuu za watu kila upande. Mkewe akamjibu kwamba yeye kwanza a-extend huo mkeka wake, mfupi.

Bi Nasra akamuuliza bi kizee nani aliyemfundisha.

"Huyu," akasema Bi Asaa, akimnyooshea kidole Mize. "Kila alasiri, Maalim akiwa bado msikitini, yuko hapa. Hanyamazi, mwanangu, kichwa kinaniuma."

Maalim aligeuka kumtazama Mize, kisha akaenda kushika ncha ya tatu ya turubai.

Mvua ilikuwa ya rasharasha, ikapita. Bi Nasra aliandika fomu yake akiwa amesimama palepale uani: "Nimekuja kukagua darasa, nimekuta kijiji. Mwalimu asiguswe."

Hajamaliza kutia saini, Bi Asaa akamwekea mbele kikapu chenye pishi ya karafuu na kumwonyesha mkeka.

"Jua limerudi," akamwambia. "Spread, mwanangu."

Na mkaguzi akavua viatu vyake vya kung'aa, akapiga magoti, akatandaza.

Funzo: Elimu uliyoirundika kwa wachache huharibika hapo ilipo, uliyomkabidhi kila mtu, hata yule usiyemtegemea, ndiyo itakayokusimamia siku utakapokwama.