Kalunde na Mbuzi wa Bibi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajala. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, kilikuwako kijiji kando ya mto. Ng'ambo palikuwa na soko, na njia ya kwenda huko ilikuwa gogo moja tu, pana kwa nyayo mbili, basi. Gogo hilo lilikuwa na desturi yake: mwanamke akikutana na mwanamume katikati, mwanamke ndiye arudiye. Tena kinyumenyume, maana hawezi kugeuka na mzigo kichwani. Nani aliyeipitisha desturi hiyo? Msiniulize mimi. Waulizeni wale ambao hawakurudi hata siku moja.

Siku moja mama yake binti aitwaye Kalunde, vyungu vya kuuza kichwani, alikutana gogoni na Lugendo, mchinja ng'ombe, mtu wa kifua kama ngoma.

"Rudi!"

Mama akarudi. Hatua, hatua, hatua, chubwi! Vyungu vikaenda na maji, mguu ukavunjika. Na nyumba yao ilikula kwa kuuza vyungu. Sasa wa kuvipeleka sokoni alibaki Kalunde, na Lugendo alikuwa bado anapita gogoni.

Kalunde akaenda mbio kwa Bibi Nyamizi. Bibi huyu, Mungu amrehemu, ujanani alifuata msafara hadi pwani, akakaa nyumba moja na mama wa Kichina, mke wa fundi merikebu. Kila alfajiri mama yule alisimama uani akichezesha mikono, miguu haisogei. Bibi akajifunza. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa mapigano ya kwao, ule unaoibeba mingine yote. Waliuita Wazo Dogo.

"Shikamoo, bibi. Nifundishe kupiga."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

"Bibi! Nimesema kupiga!"

"Nimesikia. Kamlete mbuzi."

Mbuzi akaletwa.

"Mbane kwa magoti. Vidole vya miguu vitazame ndani. Asitoke."

Mbuzi akatoka. Mee! Akambana tena. Mee! Akatoka na pindo la kaniki mdomoni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa mwachie, ubane hewa. Mkono utoke kifuani. Kiwiko ndani. Polepole."

"Polepole kama nini?"

"Kama kinyonga anayekwenda ukweni."

Kukicha: simama, bana, polepole. Kukicha tena: simama, bana, polepole. Masika yakaja, yakaondoka. Simama, bana, polepole.

"Bibi, tutapiga lini?"

"Mbuzi kasemaje leo?"

"Mee."

"Basi bado."

Kalunde akachukia, akachukia kweli. "Mama yangu kalala na gango mguuni, wewe unanichezesha na mbuzi! Kila siku sisi ndio wa kuambiwa tusubiri!"

Bibi hakukasirika. Alichukua mafuta, akampaka magoti yaliyochubuka.

"Mjukuu wangu, pale gogoni utakwenda wapi? Kushoto maji. Kulia maji. Nyuma ndiko wanakotaka uende. Mimi nakufundisha kukaa mahali pekee palipobaki."

Asubuhi yake Kalunde akambana mbuzi. Mbuzi akavuta, akavuta, akavuta. Kisha akatulia, akaanza kucheua.

"Haya," Bibi akasema. "Peleka vyungu."

Kalunde akapanda gogo, mtungi kichwani. Amefika katikati, huyo Lugendo anakanyaga upande wa pili.

"Rudi, wee!"

"Shikamoo, baba. Sirudi."

"Unasemaje?"

"Mimi niko katikati, wewe ndio kwanza unapanda. Nani wa kurudi?"

"Mjibu!" wanawake wakampigia Lugendo kelele ukingoni. "Mjibu, una mdomo!"

Lugendo akajibu kwa mikono. Akaja, du, du, du, akamsukuma. Kalunde akasimama. Akabana. Mkono ukatoka kifuani, ukaupisha mkono wa Lugendo pembeni kidogo tu, na Lugendo akaufuata mkono wake mwenyewe. Chubwi!

Mtungi kichwani ulitikisika, ukatulia.

Lugendo akaibuka, akalishika gogo, anatweta. Kalunde akachutama, mtungi ungali kichwani, akanyoosha mkono.

"Shika, baba. Ila ukipanda, unarudi ulikotoka."

Akarudi. Kinyumenyume! Toka siku hiyo, aliyetangulia kupanda ndiye apitaye, awe jumbe, awe bibi, awe mbuzi.

Kalunde alipotoka sokoni alimkuta Bibi ukingoni, kamba ya mbuzi mkononi.

"Bibi, umeona?"

"Nimeona. Kiwiko kilitoka nje."

Akainama upesi kumfungua mbuzi kamba, na kazi hiyo ikamchukua muda mrefu mno, maana hakutaka mjukuu amwone akilia.

Subira yavuta heri, mnasema. Sawa. Lakini subira ya Bibi Nyamizi ilikuwa ya kujifunza kusimama. Anayewaambia msubiri huku mnarudi nyuma, huyo mwulizeni anakwenda wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo gogoni. Anayetaka kupita na yake, apande; mimi nimeshavuka.