Kiti cha Kalunde

Mtu mmoja alikuwa na wake wawili, Kalunde na Nyamizi. Akafa, akawaachia nyumba mbili zinazotazamana, uwanja mmoja katikati, na wivu ambao hata kaburini hakwenda nao.

Kalunde alizaa sana. Nyamizi hakujaliwa. Uzee ulipowafikia, watoto wa Kalunde wakampenda mama yao: mmoja akampokonya ndoo, mwingine jembe, mkaza mwana akachukua fagio. Wakamletea viti viwili vya mninga, kimoja cha ndani, kimoja cha mlangoni. Muuguzi wa zahanati aliwaambia wajane wote wawili watembee kila asubuhi, magoti yasije yakaganda. Watoto wakakataa, watu wangesema mama yao hatunzwi. Kalunde akaona fahari, akakaa.

Nyamizi hakuwa na wa kumpokonya kitu. Akatembea hadi kisimani na kurudi, akirusha mikono kama muuguzi alivyomwonyesha. Mwezi ukapita, mgongo ukanyooka. Wanawake wengine wakamfuata, wakawa wanapita mbele ya Kalunde wakicheka, naye hajui wanacheka nini. Hilo ndilo lililomtafuna. Akatangaza kwamba ajuza yule anatafuta bwana wa pili. Wenye haya wakabaki majumbani. Nyamizi akaendelea kutembea, peke yake, na kucheka vilevile.

Ndipo Kalunde akampelekea kiti kimoja kama zawadi. Alijua kazi ya kiti kile. Mwenzake akikikalia, na yeye ataganda.

Nyamizi akakipokea kwa mikono miwili. Akakiweka katikati ya uwanja, akapaza sauti: "Ahsante, mwenzangu! Kiti hiki ni cha anayekifikia kwa miguu yake."

Kila asubuhi akirudi kutoka kisimani alikikalia, akanyoosha miguu, akanywa uji taratibu, kama bibi harusi. Kalunde alitazama siku tatu. Kiti chake mwenyewe kikawa kinamchoma matako. Siku ya nne, Nyamizi alipotoka, Kalunde akashika mwimo wa mlango, akashika ukuta, kisha hakukuwa na cha kushika. Magoti yakalia. Hatua ishirini zikamtoa jasho kama mtu anayelima mawe. Lakini Nyamizi aliporudi, alikuta kiti kina mtu.

Kesho yake kiti kilikuwa kimesogezwa hatua kumi mbele.

Kalunde akamtukana, akakifuata. Kikasogea tena. Watoto wakaja mbio kumrudisha mama yao mlangoni. Akawafukuza kwa fimbo, maana Nyamizi alikuwa karibu kufika. Kufikia mavuno, kiti kilikuwa kisimani, naye Kalunde ndiye aliyetangulia kukikalia.

Wanawake wale hawakupendana hata siku moja. Basi niambieni, ninyi mnaowapokonya mama zenu fagio: kati ya watoto wake na mke mwenza wake, ni nani aliyemtunza Kalunde?