Shimo Nyuma ya Jiko la Jirani

Wapendwa, kulikuwa na mjane mmoja katika mji uliokumbwa na vita, vile vita vibaya vya wenyewe kwa wenyewe. Magoti yake yalikuwa mabovu. Ukimkalisha mkekani, ujue kumwinua ni kazi yako. Yeye alikuwa mtu wa mlimani. Jirani yake, kijana fundi seremala, alikuwa mtu wa bondeni. Viberiti vilipoadimika, kila asubuhi mama huyu alichukua kigae chake akaenda kwa jirani kupalia moto. Alirudi na makaa mawili matatu, na utani wa kumtosha kutwa.

Basi zikaanza karatasi. Watu waliamka wakazikuta zimezagaa sokoni: "Watu wa bondeni wana njama. Siku ya gulio watawachinja watu wa mlimani." Mama akasoma. Akarudia. Na siku hiyohiyo akasikia jembe nyuma ya jiko la jirani. Akamwona akibeba vikapu vya udongo, akimwaga migombani huku akiangalia asionekane.

Niambieni, ninyi mngefikiri nini? Silaha, sivyo? Hata yeye. Akaacha kwenda kuomba moto. Akatafuna mihogo mibichi huku analia, maana yule kijana alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Mwishowe akasema, "Nitakwenda kwa askari. Lakini kwanza nikalione hilo shimo kwa macho yangu." Akachukua kigae.

"Hodi, mwanangu. Nimekuja kupalia moto."

"Karibu, mama! Nilidhani umenisusa."

"Shimo unalochimba ni la nini?"

Jirani akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akaondoa kuni zilizofunika mdomo wa shimo. Hapakuwa na bunduki. Palikuwa na mtungi wa maji, blanketi, na kigoda kipya.

"Ni lako, mama. Nimeisoma ile karatasi. Kama ni kweli watu wangu wanakuja, basi wasikukute. Sikukuambia kwa sababu ungekataa."

"Na kigoda?"

"Si magoti yako, mama? Chini utakaaje?"

Mama akalia mpaka kitenge kikalowa.

Wapendwa, karatasi ilikuwa moja. Mmoja aliisoma akaona adui, mwingine aliisoma akaona mama wa kumficha. Na aliyeichapa hakuwajua wote wawili. Habari za magoti angezitoa wapi?

Sisi je? Karatasi zetu siku hizi ziko kwenye simu, nasi hatungoji hata kusikia jembe. Tunasambaza kabla chai haijapoa! Hebu fikirini: mama yule angeanzia kwa askari, kile kigoda angekikalia nani?

Ukiletewa habari mbaya ya jirani yako, ndugu yangu, usianzie kwa askari. Chukua kigae, piga hodi, kaombe moto.