Ndege Iliyoligeuzia Gati Mkia

"Bawa la chini halikimbilii gati." Mjomba wenu ameisema methali hiyo leo mchana, aliposikia Nyabise anataka kuacha ushonaji akauze samaki kwa sababu tu wenzake wote wanauza samaki. Nanyi mmeniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapahapa kisiwani kwetu Irumbo, na mimi nilikuwepo.

Miaka ile hospitali ya ng'ambo ilikuwa na ndege moja ndogo ya viti vinne. Rubani wake alikuwa mwanamke wa Kihaya, Kokushubira, mtu wa maneno machache. Kisiwa chetu ni miamba mitupu, hakikuwa na mahali pa ndege kutua. Wagonjwa wetu walivushwa kwa mashua, na wengine hawakufika. Ndipo Kokushubira na fundi wake, Magesa, wakaamua kuivua ndege ile magurudumu na kuifunga maboya mawili marefu kama mitumbwi, ili iweze kutua majini.

Kazi hiyo iliwatesa. Magesa mwenyewe alinisimulia baadaye. Ndege nyingi za majini mabawa yake huwa juu, mgongoni. Hii, yake yalikuwa chini, usawa wa tumbo. Walipofunga maboya kwa miguu mifupi, rafadha, lile panga la puani linalozunguka, ilichota maji na kuyarusha kila mahali mpaka injini ikakohoa. Wakairefusha miguu, nayo ndege ikawa juujuu, ikiyumba kila ilipopigwa na upepo wa ubavuni. Huko angani maboya yakawa yanaipeleka pua kombo, ikabidi waongeze pezi chini ya mkia. Uzito nao ukazidi, wakang'oa kiti kimoja. Mwishowe ikaruka na kutua vizuri, ila jambo moja halikupata dawa: gati. Ndege ya mabawa ya juu hulipitisha bawa juu ya gati, watu wakapita chini yake. Hii ingegonga nguzo kwa bawa kabla boya halijafika.

Sisi huku kisiwani hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba ndege itakuja.

Binti yangu Nyasatu akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alijaribu kila alichojua, kisha akaniita pembeni akasema, "Mama, mimi hapa nimefika mwisho." Zahanati ikaita hospitali kwa redio, nasi tukambeba Nyasatu kwa machela hadi gatini. Mumewe, Mugeta, alisimama ukingoni kabisa akipunga shuka.

Ndege ilitua, ikaja ikituelekea, upepo ukiisukuma kwa nyuma. Tukainua machela. Mara ikageuka. Ikatugeuzia mkia, ikaenda zake kuelekea kilindini.

Nyasatu alinishika mkono. "Mama, wanaondoka?"

Nikamfuta jasho usoni, macho yangu yakiifuata ndege.

Ilipofika mbali kidogo injini ikazimwa. Magesa akashuka juu ya boya na kutupa nanga. Kokushubira akatoa kichwa, akapaza sauti: "Mleteni kwa mtumbwi. Mje kwa nyuma, upande wa mkia."

"Gati ndilo hili," Mugeta alimjibu. "Mke wangu anakufa, nawe unakaa huko?"

"Ndege hii haina breki, shemeji, na bawa lake liko chini. Nikija hapo litavunjika kwenye nguzo. Likivunjika, hataondoka yeye wala mimi. Mleteni, nawasubiri."

Mugeta alinitazama. Nikamwambia, "Mwanangu, shika kasia."

Tukamlaza Nyasatu mtumbwini, kichwa chake mapajani mwangu. Mugeta na jirani yetu wakapiga makasia taratibu, tukazunguka hadi nyuma ya ndege. Bawa lilikuwa karibu na maji kiasi kwamba lingetukata vifua kama tungekuja kwa ubavuni. Magesa alikuwa amekwisha kutandika ubao na blanketi kutoka kwenye boya hadi juu ya bawa. Wakamnyanyua, wakampitisha hapo hadi mlangoni. Kokushubira akampokea kama anayempokea mdogo wake. "Pole, dada. Tunakwenda." Ndani nafasi ilikuwa ya mgonjwa peke yake, basi tukabaki mtumbwini tukiitazama ndege ikiyakata maji, ikipaa, ikipotea.

Kesho yake redio ikasema: mama mzima, mtoto wa kiume, mzima. Mugeta alikaa chini palepale mlangoni pa zahanati, akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilicheka mpaka mkunga akaniletea maji.

Ndege ilipowarudisha, hakuna aliyekwenda gatini. Tulikuwa tayari majini tukiingoja. Mugeta akampokea mwanawe, kisha akamwambia rubani, "Siku ile niliona umetugeuzia mgongo. Nisamehe."

Kokushubira akatabasamu. "Hata mimi nililitamani gati lile, shemeji. Ingekuwa ndege ya aina nyingine, ningefika. Lakini bawa la chini halikimbilii gati."

Waliokuwa mtumbwini wakayarudia maneno hayo nyumbani, yakaenea kisiwa kizima. Kwa hiyo, Nyabise, mjomba wako hakukudharau. Wenzako wana mabawa yao, nawe una lako, na njia yako ya kufika ipo, hata ikiwa ya kuzunguka. Bawa la chini halikimbilii gati.