Kwa Nini Msikilizaji Hummalizia Msemaji Neno

Zamani hizo masikio ya watu yalikuwa na adabu kupita kiasi. Neno lilingojwa lifike lote, kichwa na mkia, kisha wasikilizaji wakanyamaza kidogo, ndipo akili ikaanza kulifungua. Kumkata mtu kauli kulikuwa aibu kubwa kuliko kumwibia kuku. Mazungumzo ya asubuhi yalieleweka mchana, na hakuna aliyeona ajabu.

Utaratibu huo uliwafaa wote isipokuwa Minza, mfinyanzi aliyeolewa katika kijiji cha kando ya mto. Minza alikuwa na kigugumizi. Neno lake lilianza vizuri, likakwama katikati, na kwa kuwa halikufika mwisho, hakuna aliyelielewa. Watu walimngoja kwa heshima zote, wakachoka, wakaaga. Iliuma. Aliishi miaka mitatu katikati ya watu wema, na bado alikuwa peke yake.

Mama mkwe wake, Nshoma, alipika naye jiko moja. Alikuwa mama mwenye haraka zake, na mboga jikoni haina subira. Minza akianza tu, "Chu...", mkono wa Nshoma ulikuwa umeshagusa chumvi. Hakumwambia mtu. Alidhani ameingiwa na ugonjwa, akili yake kuyatangulia masikio.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, wanawake walishuka kwenye mto mkavu kuchimba udongo wa vyungu. Minza alibaki juu ukingoni akipokea makapu. Pale kijijini hakukuwa na hata wingu, lakini milimani mvua ilikuwa imeshanyesha, naye akaona maji mazito yakitokea kwenye kona, yamebeba miti mizima.

"Mto unafu...," alisema. "Unafu... unafu..."

Wanawake wakaweka majembe chini, wakamtazama kwa adabu, wakingoja mkia. Nshoma, aliyekuwa nao kule chini, hakungoja.

"Unafurika!" alipiga kelele. "Tokeni!"

Walitoka wote, wa mwisho akiwa na maji magotini. Majembe yalikwenda na mto.

Jioni ile wazee walikutana, maana kosa ni kosa: Nshoma alikuwa amemkata mwenzake kauli hadharani, na adhabu yake ilikuwa kuhamishwa kijijini. Wakamwita Minza aseme kama amekosewa. Alisimama mbele ya watu wote, akijua kwamba asipolimaliza neno hili atampoteza mtu pekee aliyemwelewa.

"Mama haja... hajani..."

Kisha, bila kupangana, wanawake wote waliotoka mtoni wakajibu kwa pamoja: "...kosea."

Minza alicheka mpaka akalia. Mzee wa baraza aligundua kwamba naye alikuwa amelimalizia kimoyomoyo, akaona haya, akafunga kikao.

Na tangu siku hiyo akili ya mtu haingoji tena mkia wa neno; hutangulia ikampokea msemaji njiani. Ndiyo maana mwalimu wenu huacha neno nusu, darasa likalimalizia. Ndiyo maana pia babu yenu hunimalizia maneno ambayo sikukusudia kuyasema, ila hilo ni kosa lake, si la Minza. Neno sasa lina wenyewe wawili, wajukuu zangu: mmoja hulianza, mwingine huli...