Oda Yako Imepokelewa

"Laki nne yako silipi! Hata shilingi sitoi!" Mwenye vifaranga alikuwa amesimama mlangoni pa banda lake, na uani watu wamejaa, kila mmoja na boksi tupu lililotobolewa matundu. "Wote hawa wameagiza kwenye tovuti uliyonitengenezea, wakajibiwa 'Asante, oda yako imepokelewa.' Oda ziko wapi? Vifaranga nimeshauza kwa wengine! Fundi gani wewe, umejifunzia kazi kwenye simu!"

Mama yule fundi kweli alijifunza mwenyewe, na hakuona haya. Alifungua kompyuta yake juu ya gunia la pumba.

Ndugu zangu, ule ukurasa mzuri wa tovuti hautunzi kitu. Mteja akibonyeza 'Tuma', ukurasa unakwenda kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa, unapiga hodi, unataja jina, unatoa neno la siri. Ukifunguliwa, oda inaingia. Na ukikataliwa, je?

"Mzee, neno la siri ulibadilisha?"

"Nilibadilisha. Ghala si langu?"

"Ukaniambia?"

Bwana yule akapandisha sauti tena: "Sasa mbona tovuti yako haikusema?"

"Ilikuwa inasema! Niliiandikia: ghala likikataa, simama, toa maneno mekundu, 'Oda haijaingia.' Yakatokea mara moja tu. Nani alinipigia simu anafoka, 'Yananitia aibu, yafute, kila mtu ajibiwe asante'?"

Watu wa maboksi wote wakamgeukia.

"Mimi," alisema, sauti imeshuka. "Lakini mkono uliofuta ni wako, mama."

Hapo sasa! Wewe ungejibu nini? Fundi alikuwa na ulimi wa pilipili, na jibu lilishamfika mdomoni. Akalimeza, kwa sababu aliloambiwa ni kweli.

"Ni wangu," alisema. "Nilijua ni uongo, nikauandika. Laki moja nakuachia, hiyo ndiyo sehemu yangu." Akayarudisha maneno mekundu palepale, watu wakitazama. "Tatu zilizobaki, nilipe."

Na sisi je? Sisi nasi tumeyafuta maneno mekundu. Ulimdhulumu mwenzako, moyo ukapiga kelele, ukauambia nyamaza, unanitia aibu. Sasa kila Jumapili unapiga magoti, unaomba vizuri kabisa, unamalizia kwa amina, unainuka unajijibu mwenyewe: imepokelewa. Nani kakwambia imepokelewa? Hodi yako ilikataliwa tangu siku ile, na wewe ndiwe uliyeziba mdomo wa kukwambia. Huko nje kuna mtu amekushikia boksi tupu, anangoja.

Usije ukanisubiri pale mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa matamu. Sitaki. Na usiniambie mwenzako naye ana makosa. Yake atalipa yeye. Wewe unacho cha mtu. Kirudishe leo.