Darubini Iliyolazwa Kwenye Machela

Ndugu zangu, zamani za misafara ya miguu kulikuwa na mnyapara mmoja, msimamizi wa wapagazi. Mtaalamu fulani alimwajiri amfikishe juu ya mlima, akalitazame jua likipatwa. Mizigo mingine yote haikuwa kitu mbele ya darubini yake. Darubini ya shaba, ya kusafiri nayo, inafunguliwa vipande vipande na kulazwa kwenye sanduku lenye mahameli ndani. Wapo humu ambao hawajawahi kulalia godoro zuri kama lile!

Asubuhi moja mpagazi akaanguka kwa homa kando ya kijito. Na alikuwa nani? Mdogo wake mnyapara, wa tumbo moja.

Machela ya kubebea mgonjwa ilikuwepo, moja tu. Lakini juu yake lilikuwa limelala lile sanduku, wanaume wanne wamelibeba, lisije likatikisika.

"Bwana," mnyapara akamwambia yule mtaalamu, "sanduku nitalibeba mwenyewe kichwani. Mgonjwa alale kwenye machela."

"Na ukijikwaa? Jua halipatwi kila mwaka. Mwachie maji, tutampitia tukirudi."

Mnyapara angeweza kugoma. Wapagazi wote walikuwa watu wake, wakimsikiliza yeye. Lakini aliogopa kuonekana mkaidi. Akamwekea mdogo wake kibuyu cha maji, akamfunika shuka.

"Kaka, unaniacha?"

"Sikuachi. Naja."

Mnalijua hilo "naja"? Tunalisema tukiwa tumeshageuza kisogo.

Walifika kileleni alasiri. Bwana akaiunga darubini, akaielekeza bondeni kuijaribu, kisha akamwita mnyapara achungulie. Kuchungulia, nchi yote iko kichwa chini, maana darubini za nyota ndivyo zinavyoonyesha. Miti inaning'inia. Na kwenye njia waliyopita, kuna mtu anatambaa. Anasimama, anaanguka, anatambaa tena.

"Bwana, ni mdogo wangu! Anatufuata!"

"Unamwona vizuri? Hakuna ukungu?"

"Namwona mpaka shuka."

Bwana akashusha pumzi. "Basi vioo havijavunjika."

Nani kati yenu angebaki pale? Mnyapara alibaki. Siku mbili. Aliishikilia miguu ya darubini isitikisike, jua likapatwa, bwana akaandika. Waliposhuka walikuta shuka njiani. Shuka tu. Mnyapara alilia mpaka sauti ikakauka, na ikamfaa nini marehemu?

Mnataka nimlaani yule bwana? Leo simlaani. Namtazama mnyapara, maana ndiye sisi. Alimwona ndugu yake kwa macho yake, akaendelea kushikilia chombo. Na mnadhani darubini ndiyo iliyoipindua nchi? Nchi ilishapinduka asubuhi, pale chombo kilipolazwa na mtu akaachwa chini.

Nyuma ya ukuta huu kuna mama amelala tangu Kwaresma. Hakuna asiyejua. Kikohozi chake tunakisikia tukiinamisha vichwa kuomba. Wiki ya tatu hii tuko na mazoezi ya kwaya ya jubilei, tunasema tukimaliza tutakwenda kumwona. Nami mchungaji wenu nimesema hivyo hivyo, na ninaona aibu.

Kwa hiyo leo baraka ya mwisho haitolewi hapa. Nitaitoa kando ya kitanda chake. Anayeitaka ainuke, anifuate.